Unyumba na Uuguzi

Kitabu cha Leonard Woolf kiitwacho Beginning Again kilichapishwa mwaka 1964, mwandishi wake akiwa na umri wa miaka 83. Ni juzuu ya tatu ya masimulizi ya maisha yake, nayo inahusu miaka ya 1911 hadi 1918. Aghalabu wasomaji hukifungua kwa ajili ya mkewe, Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya ambaye sifa zake zimevuka mipaka ya Uingereza. Mimi nilikifungua kwa haja nyingine. Mke wangu ana maradhi kama ya yule bibi, na nilitaka kumsikia mwanamume mwenzangu akieleza jinsi ndoa inavyoishi na maradhi hayo chini ya paa moja.

Kwanza nitaje maradhi yenyewe. Leonard anaeleza kwamba madaktari wa wakati ule waliyaita udhaifu wa neva. Yeye, kwa jinsi alivyoyaona, aliyaeleza kuwa ni ya kupanda na kushuka: kuna majira mgonjwa hupanda juu, akasema bila kikomo na kulala kidogo, na kuna majira hushuka chini akajiona hana thamani, akakataa chakula, hata kutaka kufa. Leo wataalamu wanayaita bipola. Virginia aliugua baada ya kufiwa na mama yake mwaka 1895, na tena baada ya kufiwa na baba mwaka 1904. Walioana tarehe 10 Agosti 1912. Mwaka uliofuata akaanguka vibaya na kujaribu kujitoa uhai, na mwaka 1915 akaanguka tena.

Katika kusimulia miaka hiyo ndipo mwandishi anapofaulu. Hapambi wala halii. Anatueleza kwamba mlo mmoja ungeweza kuchukua saa nzima au mbili, yeye amekaa kando ya mkewe, anamwekea kijiko mkononi na kumbembeleza ale tonge moja zaidi. Anatueleza kuwa mwaka 1915 mkewe alisema karibu bila kunyamaza kwa siku mbili tatu, hata maneno yakapoteza maana. Kisha akamgeukia mume wake huyo huyo kwa uadui, akakataa kuzungumza naye wala kumruhusu aingie chumbani. Hapo mwandishi hamlaumu. Ajuaye jambo hili atakiri kwamba si rahisi kuliandika kwa utulivu namna ile, kwa maana mgonjwa wa aina hii mara nyingi humchukia zaidi aliye karibu naye kuliko wote.

Tukumbuke pia kwamba wakati ule hapakuwa na dawa ya maana. Madini ya lithiamu, ambayo yamewatuliza wagonjwa wengi wa namna hii, yalitangazwa na daktari John Cade wa Australia mwaka 1949, miaka minane baada ya Virginia kufariki. Leonard alikuwa na maziwa, usingizi, chumba chenye giza na saa ya ukutani. Kwa vitu hivyo alimwezesha mkewe kuandika kwa takriban robo karne. Hata mtambo mdogo wa kupiga chapa walioununua mwaka 1917, anasema, sehemu ya nia yake ilikuwa kumpatia Virginia kazi ya mikono ya kumpumzisha akili.

Baada ya sifa hizo, nakuja kwenye upungufu. Kitabu kinatueleza alikula nini, alilala saa ngapi na daktari gani alisema nini. Juu ya unyumba hakina la maana. Najua wazee wa kizazi chake waliona haya, na mimi nimelelewa katika haya kama hizo. Siombi mtu afungue mlango wa chumba chake. Lakini mwandishi aliyejitolea kueleza ndoa yenye maradhi, akaacha jambo ambalo maradhi hayo hugusa kabla ya mengine, ameacha shimo, na shimo hilo wengine wamelijaza kwa kubuni. Wapo waliosema Leonard alikuwa mlinzi wa jela, na wapo waliosema mkewe alikuwa mtu baridi kwa sababu ya kichaa chake.

Barua na maandiko yaliyotoka baadaye yanaonyesha kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo. Katika barua ya Mei 1912, iliyochapishwa mwaka 1975, Virginia alimwambia mchumba wake waziwazi kwamba kimwili hamvutii. Alisema hivyo kabla ya harusi, akili yake ikiwa timamu. Na katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1976 alieleza jinsi alivyochezewa utotoni na kaka zake wa mama mmoja. Basi si kila ukimya wa kitandani uliletwa na maradhi. Mume anayesingizia maradhi kila kitu hujipumzisha, lakini pia hujinyima nafasi ya kumsikia mwenzake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi hiki nimekilalia tangu mwaka 1986, na naweza kutaja kunguni watatu ambao Leonard hakuwaandika. Wa kwanza ni wa majira ya kupanda: hamu huja kama moto wa nyika, na mume hajui anayemwita ni mkewe au ni maradhi. Wa pili ni wa majira ya kushuka: mke hugeukia ukuta miezi mitatu, na mume hujiona amekataliwa ilhali hata uji umekataliwa. Wa tatu huletwa na dawa: akili inatulia, lakini kwa baadhi ya wagonjwa mwili unakuwa mzito na hamu inakauka, hivyo mgonjwa hushawishika kuacha vidonge ili ajisikie mtu tena.

Lakini zaidi ya hao wote kuna jambo la uuguzi wenyewe. Mtu uliyemhesabia vidonge saa mbili usiku na kumwuliza kama amevimeza, ni vigumu kumkaribia saa tatu kama bwana harusi. Naye atakupokeaje, ikiwa kutwa nzima umekuwa askari wa zamu? Katika nyumba yetu tuliafikiana, akiwa mzima, kwamba mdogo wake ndiye amkumbushe dawa na kumsindikiza kliniki. Tuliafikiana pia kwamba siku za kupanda nitalala chumba cha nje, na kwamba hiyo si adhabu bali ni ahadi aliyoitaka mwenyewe. Mambo hayo mawili yalituponya zaidi ya nasaha nyingi. Leonard alikuwa mwuguzi, mhasibu wa usingizi na mwandishi wa taarifa za daktari, yote kwa pamoja. Mwaka 1913 aliandika kumbukumbu za hali ya mkewe kwa herufi za Kitamil na Kisinhala, alizojifunza alipokuwa mtumishi wa serikali Ceylon. Najiuliza mume alibaki na nafasi gani.

Upungufu wa pili ni sauti. Kuhusu watoto, anasimulia jinsi alivyokwenda kwa daktari huyu na yule. Mmoja alisema watoto watamfaa mama, wengine walisema ni hatari, na uamuzi ukawa wasizae. Huenda uamuzi ulikuwa sawa. Lakini katika kurasa hizo madaktari wanasema na mume anasema. Bibi mwenyewe simsikii. Nilipomsimulia mke wangu sehemu hiyo aliuliza, “Mwalimu, na huyo mwenzake aliulizwa?” Sikupata jibu kitabuni. Kwa kuwa Virginia alifariki mwaka 1941, hakuweza kukisoma kitabu wala kukisahihisha. Makala haya mke wangu ameyasoma. Sentensi mbili amezifuta, na moja ameiongeza.

Jibu la Virginia lipo, ila haliko katika kitabu cha mumewe. Katika shajara yake ya Oktoba 1937, baada ya miaka 25 ya ndoa, aliandika kwamba hawawezi kustahimili kutengana, na kwamba kutakiwa kama mke ni furaha kubwa. Shajara ya miaka hiyo ilichapishwa mwaka 1984. Hataji maziwa wala saa za usingizi. Anataja kutakiwa. Tena anayasema kuhusu ndoa ambayo, kwa hesabu ya watu, haikuwa na unyumba wa kawaida.

Neno letu hapa linatufundisha kitu. Unyumba limezaliwa na nyumba. Tumezoea kulitumia kwa tendo tu, tukasema fulani amenyimwa unyumba, kama kwamba ni posho. Lakini ndani yake mna nyumba nzima: mazungumzo ya jioni, mkono begani, utani, kuambiwa umependeza. Maradhi yanaweza kulisimamisha tendo kwa mwaka mzima yasiivunje nyumba, mradi anayeuguzwa ajue kuwa bado anatakiwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Beginning Again ni kitabu cha kweli kuhusu uuguzi, na mwenye mgonjwa nyumbani atapata ndani yake subira isiyo na majivuno. Asikisome peke yake, hata hivyo. Akisome sambamba na shajara ya Virginia, na akiweza, amsomee mwenzake kwa sauti, kisha anyamaze amsikilize.