Carmen Wawili Barafuni

Katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanywa mjini Calgary, Kanada, mwezi wa Februari 1988, wanawake wawili waliotazamiwa kugombea nishani ya dhahabu ya kuteleza barafuni kwa madaha walichagua muziki mmoja. Wa kwanza alikuwa Katarina Witt wa Ujerumani ya Mashariki, aliyekwisha kuipata dhahabu hiyo Sarajevo mwaka 1984. Wa pili alikuwa Debi Thomas wa Marekani, bingwa wa dunia wa mwaka 1986, na wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Muziki wenyewe ulikuwa wa Carmen, opera ya Mfaransa Georges Bizet, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi wa Machi 1875. Magazeti yalilifanya jambo hilo kuwa vita, na tangu siku ile hadithi yake husimuliwa kwa namna moja, kwamba Witt alikuwa msanii na Thomas mwanamichezo, na kwamba sanaa ilishinda misuli. Hadithi hiyo inapendeza masikioni, lakini haiafikiani na yaliyotendeka, wala haimtendei haki hata mmoja katika hao wawili.

Kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hali ya watunzi wawili kushika jambo moja si ngeni. Malumbano ya Muyaka wa Mombasa na washairi wa Lamu yalikuwa na raha hiyo: msikilizaji, akiisha kulijua jambo na kina, hushughulika na namna tu, na katika namna ndipo humjua mtunzi. Calgary walumbi hawakujibizana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amekwisha kuitunga kazi yake kwao kabla ya kufika uwanjani. Hata hivyo mtazamaji aliwekwa mahali palepale pa msikilizaji wa malumbano. Alipewa Carmen mara mbili katika usiku mmoja, tarehe 27 Februari, akaachiwa alinganishe.

Carmen wa opera, ambayo nayo ilitokana na hadithi ya Prosper Mérimée ya mwaka 1845, ni mwanamke wa Kiroma, mfanyakazi katika kiwanda cha tumbaku mjini Sevilla. Anampenda askari aitwaye Don José, kisha anamwacha kwa ajili ya mpiganaji ng'ombe. Karata zimekwisha kumwonya kuwa atakufa, naye hakimbii. José anamwomba arudi, anakataa, naye anamchoma kisu nje ya uwanja huku watu ndani wakimshangilia yule mpiganaji. Mambo hayo yote katika opera husemwa kwa maneno yanayoimbwa. Barafuni maneno hayakuruhusiwa: hadi msimu ulioanza mwaka 2014, mtelezaji anayecheza peke yake alikatazwa kutumia muziki wenye sauti ya mtu inayotamka maneno. Basi kila mmoja alikuwa na muda wa dakika nne hivi, muziki uliong'olewa maneno, na mwili wake juu ya makali mawili ya chuma. Hapakuwa na José wala kisu. Katika hali hiyo mtelezaji hana budi kuchagua ni Carmen yupi atakayemleta, na uchaguzi huo ndio kazi ya mtunzi.

Witt alichagua Carmen anayekufa. Onyesho lake lina mwanzo wa kujionyesha, kati ya ushawishi, na mwisho wa mauti, naye anamaliza ameanguka barafuni kwa makusudi, kama aliyekwisha kuchomwa. Wengi wameilaumu sehemu ya katikati kwa kuwa hateleze sana. Anasimama, anajipinda, anageuza uso. Lawama hiyo ni ya haki ikiwa onyesho linapimwa kama mchezo wa miguu, lakini anayelitazama kama tendo la tamthilia ataona kuwa humo katikati ndimo Witt alimopata hila iliyomfaa kuliko zote. Mahali ambapo José hayupo, amewatia waamuzi. Wale watu 9 waliokaa ubavuni mwa uwanja na kalamu zao anawatazama kama Carmen anavyomtazama askari, anawachezea, anawageuzia kisogo, na mwishowe anaanguka mbele ya watu wenye mamlaka ya kumwinua au kumwangusha. Katika mchezo ambao kila tendo hufanywa ili lihukumiwe, alimgeuza hakimu kuwa mhusika. Ustadi huo haukuandikwa katika kanuni yoyote ya alama.

Kuna jambo jingine katika uchaguzi wake ambalo wasifu wake hawapendi kulitaja. Msiba huvumilia upungufu. Witt alikuwa na miruko minne ya mizunguko mitatu, na mmoja aliokuwa ameupanga hivyo aliupunguza ukawa wa mizunguko miwili tu. Ni wachache waliojali. Carmen anayeelekea kufa anaweza kusita na kupunguza mwendo, na mtazamaji akadhani kuwa kusita huko ni sehemu ya habari. Ule uzito wa mauti uliyafunika mapengo ya miguu. Pengine alikusudia hivyo yeye na mwalimu wake Jutta Müller, au pengine ni bahati ya kazi iliyotungwa vizuri. Kwa vyovyote vile, waliosema kuwa sanaa ilimshinda mwanamichezo wangesema kweli zaidi kama wangesema kuwa sanaa ilimkinga mwanamichezo ambaye usiku ule hakuthubutu sana.

Carmen wa Thomas hakukusudiwa afe. Hapo ndipo penye ushupavu wa kazi yake, na ni ajabu kwamba jambo hilo limeandikwa kwa kupitwa tu, kama kwamba alisahau ukurasa wa mwisho wa kitabu. Opera ya Bizet inamuua mwanamke kwa sababu amekataa kurudi kwa mwanamume, na muziki wake ni mtamu hata msikilizaji akaona kuwa mauti hayo yalikuwa hayana budi. Kuuchukua muziki huohuo na kumwacha mwanamke asimame mwisho wake ni kumjibu mtunzi. Tena aliyejibu hivyo alikuwa Mwamerika mweusi, katika mchezo ambao mabingwa wake wa Olimpiki, kuanzia Madge Syers mjini London mwaka 1908, walikuwa weupe wote, akimcheza mwanamke wa kabila lililodharauliwa Ulaya. Haihitajiwi kuulizwa kama Thomas mwenyewe aliyafikiri hayo. Kazi ikiisha kuwekwa mbele ya watu hubeba maana inayoonekana ndani yake, na maana hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho.

Lakini Carmen anayeshinda ana sharti ambalo Carmen anayekufa hana: ni lazima ashinde kweli. Habari yake haisimuliwi kwa uso wala kwa mikono, bali kwa miruko inayotua sawasawa. Thomas alipanga mitano ya mizunguko mitatu, na miwili ya kwanza aliiunganisha, mmoja ukifuata mwingine papo hapo, jambo ambalo Witt hakulijaribu. Alitoka wa mwisho, uwanja umejaa, na wote wanajua kuwa anaongoza. Mruko wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili aliutua kwa miguu yote miwili badala ya mmoja. Kosa hilo ni dogo, ila lilitokea katika sentensi ya kwanza ya habari ambayo kila sentensi yake ilitegemea iliyotangulia. Miruko mingine ikamharibikia baadaye, na onyesho lililobaki lilikuwa la mtu anayeimaliza kazi kwa sababu muziki haujakwisha. Hapakuwa na msiba wa kumsitiri, maana yeye mwenyewe alikuwa ameuondoa.

Mhakiki hana ruhusa ya kulipa sifa kusudio badala ya kazi. Kilichoonekana barafuni ni Carmen mmoja aliyekamilika na Carmen mmoja aliyevunjika, na aliyekamilika ni wa Witt. Hata hivyo si halali kuichukua hukumu hiyo na kusema kuwa ndiyo iliyotoa nishani. Hesabu zenyewe zinakataa.

Kanuni za wakati huo zilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa michoro ya lazima: mtelezaji huchora duara kwa makali ya kiatu, kisha huirudia juu ya mstari uleule, bila muziki, na waamuzi huinama kutazama alama iliyobaki barafuni. Ya pili ni onyesho fupi, na ya tatu onyesho refu, ndilo hilo la Carmen. Alama za waamuzi, kutoka 0 hadi 6, hazikujumlishwa. Zilitumiwa kumpa kila mtelezaji nafasi, na nafasi hiyo ikazidishwa kwa 0.6 katika michoro, kwa 0.4 katika onyesho fupi na kwa 1.0 katika onyesho refu. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Witt alikuwa wa 3, wa 1 na wa 2, jumla 4.2. Thomas alikuwa wa 2, wa 2 na wa 4, jumla 6.0. Kwa hiyo kabla ya Carmen kuchezwa Thomas alikuwa na 2.0 na Witt 2.2, na dhahabu ilikuwa mikononi mwa Thomas kama angaliweza tu kuwa mbele ya Witt usiku ule.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona kuwa katika onyesho refu Witt hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Elizabeth Manley wa Kanada, ambaye hakucheza Carmen wala hakutajwa katika vita vya magazeti, naye aliteleza mbele ya watu wa kwao kwa furaha na usahihi ambao hakuna mwingine aliyeufikia. Alikuwa wa 4 katika michoro na wa 3 katika onyesho fupi, jumla yake 4.6, akapata fedha. Sasa michoro ikitolewa, na mizani ya sehemu mbili zilizobaki ikiachwa vilevile, Manley anabaki na 2.2 na Witt 2.4. Sanaa iliyosemwa kuwa imeshinda misuli ilikuwa imeshindwa usiku ule na Mkanada aliyeruka na kucheka. Iliyoiokoa ni duara zilizochorwa siku chache kabla, kimyakimya, watazamaji wakiwa wachache. Na Midori Ito wa Japani, aliyeruka miruko saba ya mizunguko mitatu hata watu wakasimama, alikuwa wa 3 usiku ule. Michoro ilikuwa imemweka wa 10, naye akamaliza wa 5.

Michoro hiyo haikuwa upuuzi. Ndiyo iliyoupa mchezo huu jina lake katika lugha nyingi za Ulaya, na mwenye kuijua alikuwa na miguu yenye adabu, kama mshairi aliyefunzwa vina na mizani kabla ya kuruhusiwa kusema lake. Tatizo ni kuvipima vina peke yake, mbali na shairi, kisha kuongeza alama zake juu ya shairi. Mwaka 1972 mjini Sapporo, Beatrix Schuba wa Austria alipata dhahabu kwa ubora wa michoro yake hali katika kuteleza huru alikuwa wa 7. Baada ya hapo uzito wa michoro ulipunguzwa kidogo kidogo. Calgary ilikuwa Olimpiki yake ya mwisho, na baada ya mwaka 1990 haikuwamo tena katika mashindano makubwa ya dunia. Kwa hiyo Carmen wa Witt aliyesifiwa kuwa ni ushindi wa tamthilia alitegemea, kwa tofauti ya nukta nne, sehemu ya mchezo iliyo mbali na tamthilia kupita zote.

Thomas alipata shaba, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata nishani katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Baadaye alisomea udaktari akawa mpasuaji wa mifupa. Hakupata kumchezea Carmen wake mahali ambapo mruko mmoja ulioharibika usingeifuta habari yote, na hilo ni hasara kwa sanaa hii, kwa sababu wazo lake lilikuwa kubwa kuliko la mwenzake.

Witt alipata nafasi hiyo. Mwaka 1990 ilitoka filamu iitwayo Carmen on Ice, yeye akiwa Carmen, Brian Boitano akiwa Don José na Brian Orser akiwa mpiganaji ng'ombe. Humo kila kilichokosekana Calgary kimo: kuna askari wa kweli, kuna mavazi, kuna wivu na kisu. Waamuzi hawamo. Witt anateleza vizuri, na Boitano, aliyekuwa bingwa wa wanaume Calgary, anateleza vizuri zaidi. Lakini mwanamke huyu anapomgeukia José wa filamu, macho yake hayana hatari ile aliyokuwa nayo alipowageukia wale 9 na kalamu zao.