Moto Juu, Moto Chini

Watu wa Dar es Salaam wakiizungumzia baridi ya Njombe huzungumzia nguo: masweta, makoti, soksi za kulalia. Anayeishi kule huipokea kwanza jikoni. Mwezi wa sita ukishaingia, mafuta ya kula huganda ndani ya dumu, yakawa meupe na mazito, hata ukilipindua hayatoki. Inabidi uliegeshe karibu na mafiga kabla hujafikiria kukaanga kitunguu. Asali hufanya chenga. Mchuzi wa nyama huanza kuganda kwenye ukingo wa sahani kabla mtu hajamega tonge la tatu. Unga wa ngano uliokandwa asubuhi, mchana unaukuta umelala vilevile ulivyouacha. Na maharage, ambayo mtu wa pwani huyainjika akaenda zake sokoni, huku yanataka mtu wa kukaa nayo.

Nataka kuwasifu hao wanaokaa nayo. Mapishi ya nyumbani wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, katika Nyanda za Juu Kusini ni ufundi uliokamilika, na mafundi wake hawapewi hata nusu ya heshima tunayompa seremala. Meza ya seremala hubaki sebuleni miaka ishirini ikishuhudia mkono wake. Kazi ya mpishi huliwa ikaisha, na kesho anaanza upya.

Tuanze na hayo maharage. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi 1. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria hutokota kwenye nyuzi 93 au 94. Ukiendelea kupanda kupitia Makete hadi uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600, ambako asubuhi za kipupwe umande huganda juu ya majani, maji hutokota yakiwa na nyuzi 91 tu. Mgeni akiona mapovu hudhani moto umekolea. Punje ndani ya maji hayo zinapata joto dogo kuliko zile za Tanga, na haziivi kwa saa za Tanga. Kuchochea kuni zaidi hakusaidii. Maji yaliyokwisha kutokota hayapandi joto kwa kuongezewa moto, yanakauka tu.

Mpishi wa Njombe anaweza asizijue namba hizi, lakini kila anachokifanya kinazijibu. Anachagua maharage mapya ya msimu, kwa sababu yaliyokaa muda mrefu stoo huwa magumu hata uyapike namna gani. Anayaloweka tangu usiku. Anatafuta mfuniko unaokaa sawasawa, anaweka jiwe juu yake. Pembeni ya moto kuna birika, maana maji ya kuongezea lazima yawe ya moto. Ukimwagia ya baridi umeirudisha kazi nyuma. Nyanya na ndimu hazigusi sufuria mpaka punje zimelainika, kwa kuwa uchachu huzifanya ziwe ngumu. Magadi anayajua, na anajua pia kwamba yakizidi kidogo yanavuruga ladha, basi anayatumia kwa kidole, au anayaacha kabisa na kuupa moto muda. Kisha anaonja, si punje moja, ni tatu nne kutoka pande tofauti za sufuria. Maharage mekundu yasiyoiva sawasawa huumiza watu tumbo, na hakuna mama anayetaka kuliona hilo kwa watoto wake.

Hapo ndipo ulipo msingi wa ufundi huu. Vitabu vya mapishi vinakwambia dakika. Kipupwe hakiheshimu dakika. Jana kulikuwa na jua, leo ukungu haukuondoka hadi saa sita. Kuni za jana zilikuwa kavu, za leo zimenyeshewa manyunyu. Kitu pekee kisichobadilika ni dalili: jinsi punje inavyopasuka ukiibana kati ya kidole gumba na cha shahada, harufu inavyogeuka, mchuzi unavyoanza kuwa mzito bila kuongezewa kitu. Mpishi wa kipupwe anapika kwa dalili. Saa iko ukutani, haiangalii.

Moto nao una elimu yake. Kuni za msindano huwaka upesi, hurusha cheche na kuacha masizi, zinafaa kuwashia. Mkaratusi unakwenda vizuri. Lakini kipenzi cha jikoni ni mwati. Mashamba makubwa ya miwati Njombe ni ya tangu 1949, na shabaha yake ilikuwa magome, yanayotoa dawa ya kusindikia ngozi za wanyama. Magome yalikwenda kiwandani, na mti ukawafaa watu wa majiko. Mkaa wake ni mgumu, mzito mkononi, haukimbilii kuwa majivu. Ukiuwasha jioni na kuufukia vizuri, alfajiri unaukuta una roho. Na katika majivu yaleyale viazi mviringo huiva na maganda yake taratibu, mpaka ukivipasua vinatoa mvuke mweupe. Chumvi kidogo, na hakuna aliyewahi kuniomba kitu cha kuongezea.

Sasa mkate.

Nauweka mbele ya vyakula vyote vya kipupwe, tena si ule wa dukani. Nasema mkate wa nyumbani unaookwa kwenye sufuria, moto juu, moto chini. Watu wa pwani wanaujua moto wa juu tangu zamani: wali unapokauka maji, makaa hupaliwa juu ya mfuniko ili ukauke vizuri. Kwenye baridi ya Njombe mkono huohuo wa kupalia huoka mkate mzima, keki ya Jumapili, na hata maandazi ya watu wasiopenda mafuta. Nimewahi kula mikate ya tanuri kubwa za mijini. Mkate wa sufuria uliotoka kwenye jiko la mtu anayeijua kazi yake unaishinda, na sababu ya kwanza ni baridi yenyewe.

Tuitazame hiyo sababu. Hamira ni kiumbe hai. Kwenye joto la Dar es Salaam inaamka mara moja, unga unaumuka ndani ya saa moja, unaoka, mkate unakuwa mwepesi na hauna la kusema. Usiku wa Njombe, ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 10, hamira inafanya kazi polepole. Anayepigana na baridi atauweka unga juani mchana na kuhangaika nao. Fundi anaitumia. Anakanda usiku baada ya chakula, anatia hamira kidogo kuliko ile ya kitabu, anafunika bakuli kwa kitambaa na blanketi kuukuu, anakwenda kulala. Saa zote hizo unga unachachuka taratibu na kujijengea ladha ambayo haraka haiwezi kuitoa. Alfajiri akiufunua, unanukia uchachu mzuri wa mbali, na chini umejaa matundu.

Maziwa ya kukandia ndiyo yanayoharibu kazi ya wengi. Yakiwa ya baridi hamira huchelewa sana kuamka. Yakiwa ya moto sana inakufa. Shangazi yangu, ambaye jiko lake liko mwendo mfupi kutoka barabara ya Makambako, hudondosha tone moja upande wa ndani wa kifundo cha mkono na kulitaka liwe kama maziwa yaliyotoka chuchuni mwa ng'ombe sasa hivi. Kwake hicho ni kipimo, kwa kuwa ng'ombe yuko nyuma ya nyumba na kila asubuhi joto lile linapita mikononi mwake. Ukilipima kwa kipimajoto utakuta halifiki nyuzi 40, mahali hasa hamira inapopapenda.

Kisha anakanda, na hapa sipiti haraka. Anasukuma kwa kiganja, anakunja, anageuza robo, anasukuma tena. Mwanzoni donge linanata na kuchanika. Watu wengi wakifika hapo huongeza unga, na mkate unakuwa mkavu. Yeye haongezi. Anaendelea kukanda, na donge linaanza lenyewe kuiacha meza, linakuwa nyororo, linavutika bila kukatika. Anachukua kipande kidogo na kukivuta kwa vidole vya mikono miwili mpaka kiwe chembamba, mwanga wa taa unapita. Kikitoboka mapema, bado. Kikivumilia, tayari.

Alfajiri, wakati unga unaumuka mara ya pili kwenye sufuria iliyopakwa siagi, anaandaa moto. Sufuria kubwa kuukuu, mchanga mkavu chini, vijiwe vitatu juu ya mchanga ili ile ndogo isigusane na chini. Makaa anayasubiri mpaka yavae majivu meupe. Makaa meusi yanayowaka ndimi hayamo katika kazi hii. Machache anayatandaza chini. Mengi anayaweka juu ya mfuniko wa bati, na hayarundiki katikati, anayazungusha pembeni. Joto hupanda juu, basi lile la chini linajifikisha lenyewe kwenye mkate. La juu ndilo linalohitaji kulazimishwa lishuke, ndiyo maana linapewa makaa zaidi. Na ukiyarundika katikati, kilele cha mkate kinaungua huku kingo zikiwa bado laini. Kila baada ya muda anaigeuza sufuria robo, kwa sababu hakuna moto wa mkaa ulio sawa pande zote.

Basi anatulia kunusa. Harufu ya kwanza ni ya unga uliochacha, ya pili ni ya siagi, ya tatu ni ya ganda linalogeuka rangi. Ya tatu ikifika anakung'uta makaa ya juu, anaufunua, anautoa na kuugeuza kichwa chini juu ya kitambaa.

"Shangazi, umeiva?"

"Gonga usikie mwenyewe, mwanangu."

Unagonga kwa kifundo cha kidole. Ukitoa mlio mzito uliojaa, ndani kuna unyevu bado, unarudi. Ukitoa mlio mtupu, umeiva. Hajawahi kunijibu ndiyo wala hapana kwenye swali lile, na nimekuja kuelewa kwamba hivyo ndivyo anavyofundisha. Wajukuu zake, wa kike na wa kiume, wote wanagonga. Aliyegonga mara nyingi anaujua mlio, na akienda kupanga chumba Mbeya au Dodoma anaondoka nao.

Kusifu ufundi huu hakunifanyi nisifu moshi. Moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha umeharibu macho na mapafu ya wanawake wengi na watoto waliobebwa migongoni mwao. Mkaa una hatari nyingine iliyojificha: jiko lililoingizwa chumbani ili watu walale na joto, milango ikafungwa, linatoa hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Kwenye baridi kishawishi ni kikubwa, na lazima niseme bila kuzunguka: jiko la mkaa lisilale ndani, hata likionekana limefifia. Serikali ilizindua 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nami naomba ufike kwenye kila jiko la Makete na Ludewa. Majiko banifu yenye bomba la kutolea moshi yameshaonyesha kwamba moto unaweza kubaki ndani na moshi ukatoka.

Wapo wanaohofia kwamba gesi itaua mapishi ya asili. Sioni hivyo. Elimu niliyoieleza haiko kwenye moshi. Aliyejifunza kunusa harufu ya tatu ataisikia hata kwenye oveni ya umeme. Anayejua kwa nini nyanya husubiri maharage atalijua hilo kwenye jiko lolote. Kitakachoua ufundi ni mtu mzima kumfukuza mtoto jikoni akasome, akidhani kule jikoni hakuna kinachosomwa. Kuna elimu ya joto, ya shinikizo la hewa, ya viumbe hai wasioonekana kwa macho, na inafundishwa mtoto akiwa ameshika mwiko.

Mkate ukishatoka, shangazi anataka upoe kabla ya kukatwa. Ana hoja: ndani bado unaendelea kuiva, na kisu kikiingia mapema kinaukandamiza ukawa bumunda. Katika miezi mingine hoja hiyo hushinda. Kipupwe ni vigumu kuitetea mbele ya watu waliozunguka mafiga na vikombe mkononi, chai ya maziwa yenye tangawizi inachemka, majani yake yamechumwa Luponde au Lupembe, mashamba ya hukohuko Njombe. Akifika jirani mlangoni na kusalimu "Kamwene," anasogezewa kigoda kabla hajaeleza shida iliyomleta. Basi mkate unamegwa kwa mkono badala ya kukatwa, kuanzia pembeni ulikokauka zaidi, na kipande cha kwanza anapewa mkubwa kuliko wote, cha pili mgeni, watoto wanagawana ganda la juu ambalo siku zote wanaligombania. Kikibaki kipande hadi kesho yake, kitakuwa kimekauka. Kinakatwa vipande vyembamba, vinabandikwa juu ya wavu kwenye makaa ya asubuhi mpaka viwe na mistari ya kahawia, na vinapakwa yale mafuta ya maziwa yaliyoganda usiku juu ya sufuria, ambayo kipupwe hakuna haja ya kuyatafutia friji.