Ulaya ya Kupita Tu

Abiria wa basi la Mtwara akishapita Kongowe hulala, akaamkia Lindi. Rufiji yote na Kilwa yote kwake ni muda wa kusubiri. Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman waliipita Ulaya hivyo hivyo, ila wao walikuwa macho na walikuwa na kamera.

Mfululizo wao wa BBC, Long Way Down, unawafuata wakiwa kwenye pikipiki za BMW kutoka John o'Groats, kaskazini mwa Uskoti, hadi Cape Town. Waliondoka 12 Mei, wakamaliza 4 Agosti: siku 85, maili 15,000 hivi. Gawanya, utapata kama kilomita 280 kwa siku. Ni sawa na kwenda Morogoro kutoka Dar na kurudi nusu ya njia, kila siku, ukihesabu na siku za kukwama mipakani. Wenyewe wanalalamika kwamba ratiba inawabana, na ninawaamini. Kinachonisumbua mimi si mwendo. Ni pale wanapoamua kuupunguza.

Ufaransa na Italia zinapita kama mabango ya barabarani. Wakishavuka bahari na kuingia Tunisia, filamu inakaa vizuri kitini, kana kwamba safari ndiyo kwanza inaanza. Mantiki yake naielewa: mtazamaji aliyelengwa anaishi Ulaya, kwa hiyo Ulaya haina haja ya kuelezwa. Lakini filamu ikishatoka inatazamwa popote, hata Mbagala. Barabara ya vumbi mtu wa Temeke haihitaji kuonyeshwa. Nilitaka kuona kituo cha mafuta cha Italia: nani anafagia pale, chai bei gani, dereva wa lori analala wapi.

Aliyewahi kutuandikia mambo ya namna hiyo ni Selim bin Abakari, Mngazija. Mwaka 1896 aliondoka Berlin na bwana wake, Dk. Bumiller, kwenda Urusi hadi Siberia. Simulizi yake imo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokikusanya Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901. (Wengi wetu tunaoisoma chuoni tunaanzia kwenye tafsiri ya Kiingereza ya Lyndon Harries ya mwaka 1965, jambo la aibu kidogo kwa maandishi ya Kiswahili.) Selim naye alikuwa mbioni, na si kwa hiari yake, mtumishi hapangi ratiba. Hata hivyo kwake miji ya Urusi si njia ya kupitia. Anaitazama kwa jicho lile lile analowatazamia Wakalmuki wa mbali kabisa: watu wanaishije, wanakula nini, wanaabudu nini. Na tukumbuke kwamba aliyempa kazi ya kuandika alikuwa Mjerumani, mtu wa Ulaya hiyo hiyo. Bado Selim hakuona kwamba inajieleza yenyewe.

Nadhani sababu moja ni kwamba mtu mweusi katika Urusi ya 1896 hakuweza kupita bila kutazamwa. Ukitazamwa sana, nawe unatazama.

Hali hiyo haijaisha. Kijana wa Kinondoni anayeomba viza ya Schengen leo analipa yuro 90, anapeleka taarifa za akaunti ya benki, mahali atakapolala, tarehe ya kurudi. Anaiandika Ulaya siku kwa siku kabla hajaiona. Ukishaipata kwa jasho hilo, utalala vipi njiani? McGregor na Boorman hawakuulizwa maswali hayo Ufaransa wala Italia, na ukimya huo ndio unaozifanya sehemu hizo za filamu kuwa nyepesi.

Sehemu iliyonishika ni Libya. Wamarekani waliokuwa kwenye msafara wananyimwa ruhusa ya kuingia, inabidi wapande ndege na kuwasubiri wenzao Misri. Nilicheka, si kwa ubaya. Kwa mara ya kwanza karatasi ina nguvu kuliko pikipiki, na watu waliozoea kupita wanakaa chini, wanapiga simu, wanasubiri jibu la ofisa wasiyemjua. Hapo ningependa kamera ikae zaidi, iingie kwenye foleni, imwone na huyo anayesubiri nyuma yao. Haikai. Pikipiki zinawashwa tena.