Matundu ya Jalada

Ukitaka kuielewa nukta nundu katika uchaguzi wetu, usianze na nukta. Anza na matundu. Jalada la wapiga kura wasioona, ambalo Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa nalo mwaka 2020, hufanya kazi kirahisi: karatasi ya kura inachomekwa ndani, na kila tundu la pembeni linaangukia kisanduku cha mgombea mmoja. Mpiga kura anapapasa kutoka juu, anahesabu, akifika kwa wake anatia alama ya vema.

Ujanja wake uko katika kile lisichobeba: majina. Wagombea ubunge wa Kishapu si wa Geita, na wa udiwani hubadilika kila kata. Jalada lenye majina lingehitaji matoleo yasiyohesabika. Lenye nafasi tupu linatosha nchi nzima, na majina anayasoma msimamizi wa kituo kwa mpangilio wa karatasi.

Hapo mzigo unahamia kichwani. Mwaka 2015 wagombea urais walikuwa 8, mwaka 2020 wakawa 15. Kushika kwamba wako ni wa tatu si kazi. Wa kumi na moja, huku karatasi za mbunge na diwani zikisubiri, ni mtihani hata kwa anayeona. (Sheria inamruhusu asiyeona kuja na msaidizi anayemwamini, sawa, ila siri ya kura yake tayari ni ya watu wawili.)

Sasa ingia darasa lililogeuzwa kituo cha kura pale Mhunze, makao makuu ya wilaya ya Kishapu. Wenye ualbino, ambao Shinyanga inawajua kupitia shule ya Buhangija, wengi wana uoni hafifu, si upofu. Hao jalada haliwafai kitu. Kinachowafaa ni mahali kilipowekwa kituturi. Kikitazama dirisha, jua la Usukuma linawapiga machoni na karatasi inabaki weupe mtupu. Dirisha likiwa ubavuni, picha za wagombea zinajitokeza. Kukigeuza hakuhitaji hata senti.

Kisha masanduku ya kura. Yanatofautishwa kwa rangi ya mifuniko, alama isiyomfikia asiyeona, hivyo anaongozwa mkono na karani. Mimi ningefunga kamba kwenye kila mfuniko: fundo moja rais, mawili mbunge, matatu diwani. Mkonge wa kamba hizo Kishapu wanalima wenyewe.