Baraza juu ya jalada: uhakiki wa jalada la jarida la XXL, Desemba 1998

0. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuanzia ukurasa wa kwanza wa maandishi. Jalada huachiwa mchapishaji na muuzaji, kana kwamba ni ganda la karanga ambalo hupasuliwa na kutupwa ili punje ipatikane. Mazoea hayo yanafaa kwa riwaya au diwani. Hayafai kwa jarida la muziki. Jarida la namna hiyo huonwa na watu wengi mno kuliko wale wanaolinunua. Mpita njia huliona mkononi mwa muuzaji, hulisoma kwa nukta chache, kisha huendelea na safari yake. Kwa mtu huyo jalada ndilo jarida zima.

Makala haya yanachunguza jalada moja tu: lile la jarida la XXL la New York, toleo la Desemba 1998, lililobeba picha iliyopigwa na Gordon Parks. XXL lilianzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya wapenzi wa hip hop, yaani muziki wa kufokafoka pamoja na utamaduni unaoambatana nao. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jalada linalolenga hadhira ya fani moja ya muziki si tangazo la biashara pekee. Ni mwito wa kikao. Huamua nani aitwe, nani akae mbele, nani asimame nyuma, na wenye kikao wazungumze kwa sauti gani. Uamuzi huo huweza kuwa na uzito nje ya karatasi.

1. Hadhira ya fani moja na lugha yake

Jarida la watu wote hulazimika kutafuta uso unaojulikana na kila mtu. Jalada lake hufafanua, hutambulisha, huahidi. Jarida la fani moja halina haja hiyo. Msomaji wake amekwisha kuwamo ndani ya nyumba. Anachotaka ni kutambuliwa. Jarida la Kerrang! la Uingereza, lililoanza mwaka 1981 kwa ajili ya wapenzi wa muziki mzito wa gitaa za umeme, lilijipa jina linaloiga mlio wa gitaa linapokung'utwa. Asiyeujua muziki huo huona kelele tu. Aujuaye husikia nyuzi. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1976, karani mmoja wa benki wa London, Mark Perry, alitoa kijarida cha Sniffin' Glue kwa taipureta na kalamu nene ya wino, kikarudufiwa kwa mashine ya ofisini. Mwandiko wake mbaya ulikuwa hoja: muziki wa punk hauhitaji ruhusa ya fundi yeyote, na jalada lake vilevile.

Katika mifano hiyo miwili jalada linafanya kazi ya salamu ya wenyeji. Uzuri wa salamu hiyo ni kwamba humpa msomaji heshima ya kutofafanuliwa mambo anayoyajua. Hatari yake ni kwamba wenyeji wanajua pia visa vya nyumbani: nani hasemi na nani, nani alimtukana nani. Mbunifu wa jalada anayewafahamu vizuri wasomaji wake anajua ni jeraha lipi likiguswa watu watanunua. Jalada la XXL haliwezi kueleweka bila kukumbuka majalada yaliyolitangulia, ambayo yaligusa jeraha hilo.

2. Jalada linalogawa

Jarida la VIBE, lililoanzishwa kwa mchango mkubwa wa mwanamuziki Quincy Jones, lilikuwa miongoni mwa majarida yenye nguvu katika uwanja huo tangu mwaka 1993. Toleo lake la Februari 1996 liliweka juu ya jalada wanaume wanne wa kampuni ya Death Row ya Los Angeles: Suge Knight, Dr. Dre, Snoop Doggy Dogg na Tupac Shakur. Toleo la Septemba 1996 liliwaweka Notorious B.I.G. na Puff Daddy, wote wa New York, chini ya maneno yaliyoitaja Mashariki dhidi ya Magharibi.

Yafaa neno moja litazamwe kwa makini, yaani hilo «dhidi ya». Ugomvi uliokuwapo ulikuwa wa watu wachache waliofahamiana kwa majina, na kwa sehemu ulikuwa wa kampuni mbili. Neno hilo liliuondoa ugomvi mikononi mwa wenyewe na kuugawia pande mbili za nchi kubwa. Kijana wa California ambaye hakuwa na kisa chochote na mtu wa New York alijikuta amepewa adui kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Kisarufi, nomino za watu zimeondolewa, zikawekwa nomino za dira.

Tupac Shakur alipigwa risasi mjini Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996, akafariki tarehe 13. Notorious B.I.G. aliuawa kwa risasi mjini Los Angeles tarehe 9 Machi 1997. Haki inadai kusemwa wazi kwamba jalada halifyatui bunduki. Aidha, ndani ya matoleo hayo mlikuwa na mahojiano marefu, ambamo wahusika walipewa nafasi ya kujieleza. Lakini utetezi huo unathibitisha hoja ya makala haya badala ya kuipinga. Mahojiano yalisomwa na wanunuzi. Jalada lilisomwa na kila mtu. Kama ndani mna maelezo na nje mna mpaka uliochorwa kwa herufi kubwa, mpaka ndio utakaosambaa.

3. Jalada linalokusanya

Tarehe 29 Septemba 1998, mwaka mmoja na nusu baada ya kifo cha pili, XXL liliwaita watu wa hip hop katika mtaa wa Harlem, barabara ya 126, upande wa mashariki. Walifika zaidi ya 150. Mahali hapo hapakuteuliwa kwa bahati. Ni hapo ambapo Art Kane, mwaka 1958, aliwapiga picha wanamuziki 57 wa jazi mbele ya nyumba namba 17, picha iliyotolewa na jarida la Esquire mwezi Januari 1959. Miongoni mwao walikuwamo Thelonious Monk, Dizzy Gillespie, Coleman Hawkins na Lester Young, ambaye alifariki miezi miwili baada ya kutolewa kwake. Filamu ya Jean Bach ya mwaka 1994 ilikuwa imeirudisha picha hiyo katika kumbukumbu ya watu. Hivyo wasomaji wengi wa XXL waliweza kuutambua mwangwi wake.

Mwangwi huo si nakala. Esquire lilikuwa jarida la wanaume wa tabaka lenye uwezo, na picha ya Kane ilikaa ndani ya kurasa zake ili kuwaonyesha wageni utajiri wa jazi. XXL lilichukua mpangilio uleule na kuutoa nje, juu ya jalada, likiwaelekea wenyeji. Picha iliyokuwa utambulisho kwa wageni ikawa kioo cha jamaa. Huo ndio ubunifu mkubwa wa jalada hilo.

Fani yake inaweza kuelezwa kwa mambo manne. La kwanza ni rangi, au tuseme ukosefu wa rangi. Jarida la biashara hushindana na majirani zake kwa wekundu na umanjano. Picha hii ni nyeusi na nyeupe. Rangi za nguo zimezimwa. Katika miaka ile vitambaa na rangi vilikuwa vimeanza kusomwa kama bendera za makundi, na kwa kuziondoa picha iliwavua watu bendera bila kuwaambia wavue.

La pili ni ngazi. Nyumba za Harlem zina ngazi za mawe mbele ya mlango, ambapo jirani hukaa jioni kuzungumza. Msomaji wa Kiswahili ana jina la mahali hapo tayari: baraza. Tena lugha yake hutumia neno hilohilo kwa kibaraza cha nyumba na kwa mkutano wa wazee. Ngazi hupanga watu kwa urefu bila kuwapanga kwa cheo. Aliye juu hakushinda, amepata tu nafasi pale. Umati ulipozidi nafasi ulienea hadi mbele ya nyumba za jirani.

La tatu ni ukosefu wa kitovu. Jalada la kawaida lina uso mmoja mkubwa. Hapa Kool Herc, ambaye sherehe yake ya mwaka 1973 katika mtaa wa Bronx huhesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop, yumo. Rakim, bingwa wa ushairi wa kufokafoka wa miaka ya 1980, yumo. Da Brat, binti wa Chicago, yumo. Na kila uso ni mdogo sawa na uso wa jirani yake. Msomaji analazimika kutafuta. Kutafuta huko kunamfanya apite juu ya wale asiowapenda kabla ya kumfikia ampendaye.

La nne ni mkunjo. Picha pana haitoshi upande mmoja wa karatasi, kwa hiyo jalada limefanywa la kukunjuliwa. Mbele ya muuzaji huonekana kipande tu. Ukamilifu unapatikana mkono ukifungua. Jalada lenyewe linamfundisha msomaji kwamba alichokiona mwanzo hakikuwa chote. Ikilinganishwa na maneno ya Mashariki dhidi ya Magharibi, ambayo yalimpa mpita njia kila kitu kwa mara moja, tofauti ya maadili iko wazi.

4. Mpiga picha na jalada asilolikubali

Uteuzi wa Gordon Parks una maana ambayo wasomaji vijana wa XXL huenda hawakuijua. Parks alizaliwa Kansas mwaka 1912. Siku ile ya Harlem alikuwa na umri wa miaka 85. Mwaka 1948 jarida la Life lilichapisha picha zake za kijana Leonard Jackson, aliyeitwa Red, kiongozi wa genge la Harlem. Parks alikuwa amemfuata kwa wiki kadhaa na kumpiga picha akiwa nyumbani, akimsaidia mama yake, akilia marafiki. Kati ya mamia ya picha hizo wahariri walichagua chache, na uteuzi wao uliegemea upande wa vurugu. Maonyesho yaliyofanywa New Orleans mwaka 2013 yaliweka picha zilizoachwa kando ya zile zilizochapishwa, na tofauti ikaonekana kwa macho.

Parks alisimulia baadaye kwamba wahariri walitaka kuweka juu ya jalada picha ya Red akiwa ameshika bastola, naye akaiharibu filamu ya picha hiyo ili isiweze kutumika. Alijua jalada lingemfanya nini kijana huyo: lingemfunga katika sura moja mbele ya watu ambao hawangefungua kurasa za ndani. Miaka 50 ilipita. Katika mtaa uleule, mtu yuleyule aliombwa kutengeneza jalada la vijana weusi ambao majarida yalikuwa yamezoea kuwauza kwa sura ya hatari. Kazi ya mwaka 1998 yaweza kusomwa kama jalada ambalo Parks alikuwa anadaiwa tangu mwaka 1948.

5. Kasoro

Sifa hizo zisifiche udhaifu. Kwanza, wanawake ni wachache mno. Picha ya Kane ilikuwa na watatu kati ya 57, nao ni Mary Lou Williams, Marian McPartland na Maxine Sullivan. Miaka 40 baadaye baraza bado ni la wanaume. Kuiga mpangilio wa zamani kuliiga pia upungufu wake.

Pili, maneno ya jalada hayalingani na picha. XXL liliitangaza siku hiyo kuwa kuu kuliko zote katika historia ya hip hop. Picha inanong'ona, kichwa kinapiga mbiu. Yaelekea mhariri aliogopa kwamba nyuso ndogo zisingeuza. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa jarida lisilonunuliwa hufa. Hata hivyo sifa iliyopitiliza humnyima msomaji nafasi ya kuitoa mwenyewe.

Tatu, kusimama pamoja kwa muda wa kufunga lenzi si upatanisho. Waliokufa hawakuwapo, na jalada halina alama inayowataja. Mhakiki mkali atasema kwamba umoja umeigizwa. Jibu ni kwamba kila kikao huanza kwa watu kukubali kukaa mahali pamoja. Ambacho jalada liliweza kufanya ni kuonyesha kwamba mahali hapo pangaliko.

6. Hitimisho

Mjini Lubumbashi uchunguzi wa namna hii si mgeni kabisa. Wachoraji wa mjini wamezoea kuandika maneno ndani ya picha, na mfululizo wa picha 101 za historia uliochorwa na Tshibumba Kanda Matulu miaka ya 1973 na 1974, ambao Johannes Fabian aliutolea kitabu mwaka 1996, umewafundisha wasomi kwamba mchoro na maandishi yake husomwa pamoja au havisomwi. Kanuni hiyohiyo inastahili kupelekwa kwenye majalada: ya kanda, ya sahani za santuri, ya majarida, na ya vitabu vya Kiswahili vyenyewe.

Swali la kuuliza mbele ya kila jalada la namna hiyo si kama linapendeza, wala kama linauza. Ni hili: mtu asiyefungua ndani anaondoka amebeba nini? Mwaka 1996 aliondoka na adui. Mwaka 1998, hata aliyekuwa haujui muziki huo, aliondoka ameona watu wengi wamekaa barazani.