Jina la Huduma na Sarufi ya Wasemaji: The Big Box na Baze

Magadi ni mji uliopewa jina la kitu cha jikoni. Magadi yale yale ambayo wapishi hulainishia maharagwe, na ambayo watengenezaji wa ugoro huchanganya na tumbaku, ndiyo yaliyoupa jina mji huo wa Kajiado. Kampuni iliyoundwa mwaka 1911 kwa ajili ya kuyachimba iliitwa Magadi Soda. Baada ya Tata Chemicals kuinunua Brunner Mond, iliyoimiliki kampuni hiyo, mwaka 2005, jina lilikuja kuwa Tata Chemicals Magadi. Kwa msomaji wa Kiswahili, lugha ambayo hutanguliza nomino na kufuatisha kivumishi, badiliko hilo lina uzito: neno la mahali lililokuwa mbele sasa limo mkiani. Abadilishaye jina hutamka, apende asipende, nani mwenye mali.

Mtazamo huo wafaa pia kutumika katika kuhakiki majina ya huduma za televisheni za Safaricom, kampuni ya simu ambayo wateja wake wa Kitengela, Kajiado na Magadi huzungumza Kiswahili, Kimaasai, Sheng na lugha nyinginezo. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilitoa The Big Box, king'amuzi kilichounganisha matangazo ya dijitali na intaneti. Mwaka 2021 ikatoa Baze, huduma ya video za kutazamwa kwa simu. Hizi hazikuwa huduma moja iliyobatizwa mara mbili. Hata hivyo, zikiwekwa pamoja, zinaonyesha jinsi mwuzaji mmoja alivyotafuta jina la kile kitazamwacho.

Yaelekea wengi watausifu mwendo huo kuwa ni safari kutoka Kiingereza hadi lugha ya mitaani. Sifa hiyo ina haki kwa kiasi fulani. The Big Box ni jina lisilopenya katika sentensi ya Kiswahili. Kibainishi chake cha Kiingereza hugongana na kimilikishi, na mtu atakayesema "The Big Box yangu" atahisi ulimi ukikwaa. Likifasiriwa kuwa "kasha kubwa", halisemi lolote juu ya kutazama. Baze, kwa upande wake, ni neno la Sheng lenye asili ya Kiingereza, ambalo vijana wamekwisha kuliumba upya. Maana yake ni kijiwe, mahali pa kukutana na wenzi. Husemwa "niko baze", bila kiambishi -ni, sawa na "niko posta" au "niko benki". Neno hili lilikuwa limepata uraia kabla kampuni haijaligusa.

Hapo ndipo kasoro inapojitokeza. Baze ya mtaani ni mahali pa wengi, nayo huundwa na mazungumzo ya waliopo. Baze ya kampuni ni kioo kidogo mkononi mwa mtu mmoja. Neno limechukuliwa pamoja na joto lake, ilhali shughuli iliyolipa joto hilo imeachwa nyuma. Tena, neno hilo halina uzito mmoja kila mahali. Kijana wa Kitengela, mji uliokua ubavuni mwa Nairobi, aweza kulipokea bila mkalimani. Mzee wa Magadi aliyejifunza Kiswahili baada ya Kimaasai aweza kuhitaji kufafanuliwa.

Kipimo bora kinapatikana katika majina mengine ya kampuni iyo hiyo. Sambaza, yaani kumgawia mwingine muda wa maongezi, na Fuliza, huduma ya mkopo iliyoanza mwaka 2019, ni vitenzi. Kwa kuwa ni vitenzi, vilikubali mnyambuliko: watu husema "nisambazie" na "nimefuliza". Majina haya hutaja tendo la mteja, na mteja akayavika viambishi vyake. Majina ya televisheni yalitaja kasha la mwuzaji, kisha kikao cha mnunuzi. Tendo lenyewe la kutazama halikupata jina.

Yaweza kupingwa kwamba jina la bidhaa ni kibandiko tu, na kwamba biashara haidaiwi sarufi. Jibu limo katika neno king'amuzi. Lilienea wakati wa kuhamia matangazo ya dijitali, ambapo Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka 2015. Neno hilo limetokana na kitenzi ng'amua kwa njia za kawaida za Kiswahili, nalo humweleza msikilizaji kazi ya chombo. Nchini Marekani, huduma ya AT&T iliyoanza mwaka 2016 kwa jina la DirecTV Now iliitwa AT&T TV Now mwaka 2019, na kufikia mwaka 2021 wateja wake walikuwa chini ya jina la DirecTV Stream. Majina hayo yalifuata mipango ya wenye mali. King'amuzi halikuhitaji kubadilishwa na mnunuzi yeyote wa hisa, kwa sababu mwenyewe ni msemaji.

Kwa hiyo mhakiki wa lugha asitosheke kuuliza kama jina jipya lina sura ya Kiafrika. Aulize kama wasemaji wanaweza kulinyambua, kulimilikisha na kulitumia hata baada ya kampuni kuliacha. Magadi lilikuwa neno kabla halijawa kampuni, na bado linatajwa jikoni.