Ringi na Mizani

Watu wengi huchagua ringi za gari la spoti kama wachaguavyo kofia: hutazama, hurudi nyuma hatua mbili, hutazama tena. Mimi nina ugomvi na desturi hiyo. Ringi ni chombo cha kazi, na kazi yake haionekani gari likiwa limesimama. Ndiyo maana kila ringi inayosifiwa mbele yangu naomba kwanza ipandishwe juu ya mizani.

Gari niliendeshalo ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, lile lililoonyeshwa Chicago mwaka 1989. Lina viti viwili, na uzito wake haufiki tani moja. Waliolibuni, wakiongozwa na Toshihiko Hirai, walitaka dereva na gari wawe kitu kimoja, kama mpanda farasi na farasi wake. Kwenye gari kubwa, kilo tatu za ziada katika kila gurudumu humezwa zisionekane. Kwenye gari hili dereva anazihisi usukanini.

Sababu yake si uchawi. Mwili wa gari hubebwa na springi, lakini ringi, tairi na breki viko chini yake, hupigwa na barabara moja kwa moja. Gurudumu zito likirushwa na tuta huchelewa kurudi, na kwa muda ule ambao halijakanyaga lami sawasawa, breki na usukani havina cha kushika. Tena gurudumu haliendi mbele tu, linazunguka pia. Kilo moja iliyo ukingoni kabisa mwa gurudumu huisumbua injini karibu sawa na kilo mbili zilizopakiwa kwenye buti, kila unapoongeza mwendo. Kilo iliyo karibu na kitovu haina usumbufu huo. Kwa hiyo hata namba ya mizani haitoshi. Lazima uulize pia madini yenyewe yamekaa wapi.

Hapo ndipo ninapozilaumu ringi kubwa zilizopendwa mno. Muuzaji mmoja alinitolea seti ya inchi 17, spoki zake nyembamba kama miguu ya buibui, zinang'aa. Tulipoipima moja, ilipita kilo tisa. Ya kiwandani, inchi 14, yenye spoki saba, ilikuwa kilo tano na nusu hivi. Wembamba wa spoki ulikuwa hadaa ya macho, maana madini mengi yalikuwa kwenye duara la nje, mahali pale pale yasipotakiwa. Isitoshe, ili gurudumu zima lisizidi kimo chake, ringi ikikua tairi hupunguzwa mbavu. Shimo likija, mpira wa kulipokea ni kidogo, na ringi ndiyo inayopasuka.

Linganisha na Minilite ya Uingereza, ringi ya magnesi ya miaka ya 1960 iliyovaliwa na vigari vya Mini katika mashindano. Spoki nane fupi, nene, basi. Hakuna pambo, na kwa maoni yangu hakuna ringi iliyoipita kwa sura. Magnesi ina kasoro yake: chumvi huila, na haipendi kusahauliwa. Spoki saba za Mazda zilitokana na mfano ule, kwa alumini, na nasema bila kusita kwamba wengi wanaozing'oa hununua hasara.

Ringi moja ya siku za karibuni naiheshimu: TE37 ya kampuni ya Rays ya Japani, iliyotoka mwaka 1996. Jina lake limetokana na uzito, kilo 3.7 kwa ile ya inchi 15. Haikusubiwa kwenye kalibu. Imefuliwa kwa mashine ya kukandamiza, na alumini iliyofuliwa huwa na nguvu zaidi, hivyo fundi anaweza kuipunguza bila kuidhoofisha. Ringi ya kusubu si mbaya kwa asili yake, ila ikiwa nyepesi mno na rahisi mno, mimi huogopa. Bandia za TE37 zimejaa sokoni. Sura ni ile ile, spoki sita, lakini aliyeinakili hakununua mashine ya kufulia. Bandia ya saa itakuchelewesha kazini. Hii inashikilia gurudumu la mbele katika kona.

Vipimo vya kuingilia ni jambo la rula: nati nne kwenye duara la milimita 100, tundu la katikati 54.1. Visipolingana, usibishane na muuzaji, ondoka.

Ningebaki na inchi 14 maisha yangu yote, lakini tairi nzuri za spoti za kipimo hicho zimekuwa adimu, na ringi bila tairi ya kuaminika haina maana. Kwa hiyo nimekubali inchi 15, iliyofuliwa, rangi ya shaba. Za kiwandani nimezifunga kwenye magunia na kuziweka darini. Siziuzi.